Siku Mikeka Ilipotolewa Juu ya Paneli

Vijana wa karakana, afisa mpya ameniomba niwaandikie "maneno machache ya uzoefu" kuhusu kufanya kazi salama kwenye stima. Nimefurahi sana. Miaka yote niliyokaa pale, uzoefu wangu ulihitajika tu wakati kiyoyozi cha ofisi ya mkubwa kilipozima. Sasa nimestaafu, nimepewa saa ya ukutani na blanketi zito la sufu, ambalo litanifaa sana siku nitakapohama Garissa kwenda kuishi mlimani, na ghafla nimekuwa mtu wa kusikilizwa.

Mtaniwia radhi, sitasema lini nilipandishwa cheo. Mmoja wenu angeuliza kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo, na sina jibu la heshima. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, ya pampu, jenereta, friji na sola, na juu ya jambo moja ambalo sitaki limpate yeyote kati yenu, yaani stima kurudi wakati fundi bado ana mikono ndani ya mashine. Lilimpata mtu niliyempenda, mchana kweupe, katikati ya watu wazuri.

Siku ya kwanza nilifika na cheti changu kutoka chuo cha ufundi cha Mombasa, nimekipiga lamineti, na viatu vinang'aa kama vya bwana harusi. Nilikabidhiwa kwa Kioko, Mkamba wa Mwingi, mtu mfupi wa sauti ya chini, aliyekuwa amekaa Garissa muda mrefu kiasi cha kumtukana punda kwa Kisomali safi kuliko changu. Alikisoma cheti mbele, akakisoma nyuma pasipo na maandishi, akanirudishia. Kisha akanipeleka mbele ya swichi kubwa ya karakana na kuniuliza kama imewashwa au imezimwa. Mshale ulionyesha imezimwa, nami nikasema imezimwa, kwa sauti ya mtu mwenye cheti. Akaweka taa yake ya kupimia, ikawaka vizuri sana. Swichi ile ilikuwa imeharibika tangu zamani na kila mtu pale alijua. Hakuna aliyeona haja ya kuweka kibao, maana waliamini wageni watajua wenyewe, na kwa kweli wangejua.

Hiyo taa ya kupimia ilikuwa balbu kwenye holda na nyaya mbili, basi. Mita za kisasa zilikuja baadaye. Kioko aliijaribu kwanza mahali penye stima aone inawaka, akaipeleka mahali alipotaka kufanya kazi aone haiwaki, kisha akairudisha pale pa kwanza ahakikishe haijafa njiani. Kila siku, kila kazi, hata kubadilisha soketi ya jikoni. Mimi nilimwona mwoga. Nilikuwa kijana, na kijana wa Garissa mwenye cheti haogopi kitu anachoweza kukigusa.

Msidhani usalama haukushughulikiwa. Makao makuu yalituletea picha za kubandika ukutani, mzungu mwenye kofia ya manjano akitabasamu kando ya mashine safi, na maneno mengi ya Kiingereza ambayo mlinzi wetu aliamini ni tangazo la saruji. Tulizibandika juu ya soketi zilizoungua ili zifunike weusi. Tuliletewa pia glavu za mpira, nzuri, nene, za kutosha mafundi wote. Mtu wa stoo alizifungia kabatini zisichakae. Hazikuchakaa kamwe.

Kazi ya kwanza iliyonifunza kitu ilikuwa Liboi, kwenye duka la mama mmoja aliyeitwa Halima, muuza soda na maziwa. Alituita kwa sababu taa za duka zilikuwa zinacheza. Tulipoingia tuliona pembeni ya friji kandambili za mpira, jozi moja, zimewekwa kwa adabu kama zinavyowekwa mlangoni mwa msikiti. Kila mteja aliyetaka soda alivua viatu vyake, akavaa zile, akafungua friji, akazivua, akamwachia anayefuata. Nilimuuliza kulikoni.

"Friji hana shida, fundi," akasema, na paka kwake ni baka. "Inauma kidogo tu, kama baka."

Friji lile lilikuwa likiwauma wateja tangu mfungo uliopita, na duka zima lilikuwa limetunga utaratibu wa kuishi nalo. Watoto walijua, wazee walijua, dereva wa lori aliyetoka ng'ambo alielezwa kabla ya kulipa. Kioko alifungua plagi akakuta waya wa kijani, ule wa kupeleka stima ardhini, umekatwa. Aliyeukata alieleza kwamba friji lilifanya kazi bila huo, kwa hiyo haukuwa na kazi. Kioko aliuunga, akasimama juu ya sakafu yenye maji kwa miguu mitupu, akafungua mlango wa friji. Mama Halima alifumba macho. Tulipoondoka, wateja walikuwa bado wanavaa kandambili, kwa usalama zaidi.

Hapo ndipo nilipoanza kumsikiliza yule mtu mfupi. Alinifundisha kwamba watu wetu hawana ule uzembe wanaousema wakubwa wa mbali. Wana huruma, na huruma ikiingia kwenye stima ni hatari kuliko uzembe. Mandera tuliwahi kufunga jenereta kwa kufuli tukamwachia mlinzi ufunguo, kijana mwaminifu ambaye asingempa waziri. Lakini akaja abti yake, mjomba wake ndugu wa mama, anataka kuchaji simu. Nani anamnyima abti yake? Tulisikia jenereta linaguruma tukiwa bado tunashika nyaya upande wa pili wa ua, na ni bahati tu kwamba Kioko alikuwa ameondoka kwenye ngazi kutafuta tepu. Tangu siku hiyo kufuli lilikuwa la fundi, ufunguo mmoja, na ufunguo uko kwenye mfuko wa suruali aliyovaa. Fanyeni hivyo. Mkiombwa ufunguo na ndugu, mwambieni mmeumeza.

Kisha ikaja sola. Wataalamu walituambia jua ni la bure, ni safi na halina madhara, jambo ambalo watu wa Garissa walilipokea kwa kicheko cha muda mrefu. Kwenye visima virefu vya wafugaji ziliwekwa paneli safu kwa safu, na jenereta likabaki la akiba. Jenereta unaweza kulizima. Jua, nitafurahi mkinionyesha swichi yake. Maadamu mwanga unapiga paneli, nyaya zinazoshuka kutoka kwake zina stima, na stima hiyo haikurushi kama ile ya nyumbani. Inakushika na kukukumbatia. Ndiyo maana katikati huwekwa swichi ya kukata, ili fundi awe upande uliokufa.

Kwenye kisima kimoja upande wa Hulugho, swichi hiyo iliungua. Dahir, aliyekuwa akiendesha pampu, aliomba nyingine kwa njia zote zinazostahili, akajibiwa asubiri. Ngamia hawakujua kusubiri, basi Dahir akaitoa na kuunga nyaya moja kwa moja kwa mkono na tepu. Plagi za paneli zilipopasuka kwa joto akazikata nazo, akasokota. Maji yakatoka. Kamati ya kisima ilimpongeza kwa kuchinja mbuzi, na sielewi kwa nini asingepongezwa. Ila tangu hapo hapakuwa na mahali popote pa kutenganisha paneli na sanduku la stima la pampu.

Halafu sanduku lenyewe likaanza kuungua kwenye viungo, pampu ikasimama, na ilikuwa kiangazi. Tulipofika mimi na Kioko, mifugo ilikuwa imejaa mpaka upande wa pili wa uwanja, kila familia imepewa zamu yake na hakuna zamu inayosogea. Ngamia wakikosa maji hawapigi kelele nyingi. Wanakuja karibu na kukutazama. Kioko alizunguka kibanda cha pampu, akaona kazi ya Dahir, akasema kwa utulivu kwamba hagusi kitu mpaka jua lizame. Jibu sahihi kabisa. Lakini barabara ya kule haisafiriwi jioni, na askari waliotusindikiza walikuwa wamesema tuwe njiani kabla ya alasiri. Kulala huko hakukuwezekana. Kurudi siku nyingine maana yake mifugo ife.

Mwenyekiti wa kamati, Adeer Gedi, mzee wa ndevu za hina, hakutushurutisha. Alimwonyesha Kioko ngamia jike aliyekuwa amelala karibu na birika, ndama wake amesimama juu yake.

"Hii hajui mambo ya sibea," alisema, akimaanisha spea. "Ukisema kesho, sawa, ni kesho. Mimi sikulaumu."

Mngemjua Kioko mngejua maneno hayo yalimchoma kuliko matusi. Alifikiri, akaniambia kuna njia moja, kuzifunika paneli zote zisipate mwanga hata kidogo. Ofisi ilikuwa imetuahidi turubai kwa kazi kama hizo. Turubai lilikuwa kwenye ahadi. Basi tukaomba mikeka. Wanawake walitoa ile minene inayofunika nyumba za kuhama, lakini haikutosha, na wanaume wakaongeza yao, na wengine wakaenda mpaka kwenye vibanda vya mbali kuleta zaidi. Hakuna aliyenung'unika. Tuliipanga juu ya paneli mkeka juu ya mkeka, tukaikandamiza kwa mawe, na Kioko akapima mpaka mita ikalala.

Kisha akaniita.

"Bare, waambie kwa lugha yao. Mkeka wowote usitoke hapo juu mpaka mimi mwenyewe nitoke ndani. Si wewe useme. Mimi nitoke."

Niliwaambia. Niliwaambia kwa Kisomali kizuri, cha nyumbani kwetu, nikarudia, na nikamfanya Adeer Gedi arudie. Wakasema haye, haye, wameelewa. Na walielewa. Walielewa kwamba mtu asichukue mkeka wake akaenda nao nyumbani. Kioko akaingia kibandani, kile cha bati kisicho na dirisha, mimi nikaenda kwenye gari kutafuta viungo vipya, ambavyo mtu wa stoo alikuwa amevipakia, kwa hekima yake, chini ya kila kitu.

Adhuhuri ikaingia. Maalim Yusuf akaadhini. Watu wakatawadha kwa maji kidogo sana yaliyobaki kwenye mitungi, wakaja kupanga safu kwenye mchanga unaounguza, na mikeka yao iko wapi? Iko pale juu. Kila mtu akachukua wake. Si wa jirani, wake mwenyewe, kwa uangalifu, akarudisha jiwe mahali pake, maana ni suala la muda mfupi tu na angeurudisha mara akishatoa salamu. Hakuna aliyedhani anavunja ahadi. Walikuwa wanaswali. Mtu anaweza kupata hatari gani kwa sababu wengine wanaswali?

Kioko, kama kawaida yake, hakusimamisha kazi. Kila mara tulipokwenda kuswali alisema sisi tuombe, yeye ashike bisibisi, ataomba Jumapili. Tulikuwa tumezoeana hivyo.

Nilitoka kwenye gari nimechelewa, nikajiunga na safu ya nyuma karibu na mtu aliyenisogezea nafasi. Nilipoinama kwenye rukuu nikauona mkeka. Wenye mistari myekundu na ukingo ulioungua kona moja. Nilikuwa nimeulaza mimi mwenyewe juu ya paneli.

Sikumaliza rukuu ile. Nilikimbia. Nilisikia nyuma yangu watu wanaendelea na sala kwa utulivu, na mimi napiga kelele jina la Mkamba. Paneli zilikuwa zinang'aa nusu nzima, jua la utosini. Nilipofungua mlango wa bati Kioko alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku kama mtu anayesikiliza kitu ndani yake. Mkono wa kulia ulikuwa umeshikwa. Hakuwa akipiga kelele. Meno yalikuwa yamebana na harufu ilikuwa tayari kibandani.

Sasa sikilizeni, hapa naacha mchezo. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kumshika na kumvuta. Mngeniokota naye. Nje ya mlango kulikuwa kumeegemezwa hangool ya mtu, ule mti mkavu wenye panda upande mmoja na ndoano upande mwingine, ambao wafugaji hubebea miiba ya boma. Nilitia ndoano chini ya kiwiko chake, nikajikaza kwa mguu kwenye fremu ya mlango, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Alitoka, akaanguka juu yangu. Alikuwa anapumua. Nililia hapo hapo mbele ya watu waliokuwa wametoa salamu na sasa wanakuja mbio, wengine mikeka mikononi.

Alipona, isipokuwa mkono. Waliukata Garissa, chini kidogo ya kiwiko. Ofisi ilifanya uchunguzi wa kina na kugundua kwamba fundi hakuwa amevaa glavu. Hiyo ilikuwa kweli. Turubai pia lilikuja, la buluu, zuri, na mtu wa stoo akalifungia lisichakae.

Kamati ya kisima ilikuja hospitalini nzima nzima, ikibeba nyirinyiri kwenye ndoo, nyama ya ngamia iliyozama ndani ya samli, wakakaa kuzunguka kitanda na kukifanya baraza. Kwetu, mtu akiumia kwa mkono wa mtu, ukoo wa aliyemuumiza hulipa fidia, na wao walikuwa wamekuja kulipa. Shida ilikuwa moja. Nani? Kila mmoja alikuwa amechukua mkeka wake tu, na kila mmoja akasema ni wake ndio uliofanya hivyo. Walibishana, jamani, wakigombania hatia. Dahir alitaka iwe yake peke yake kwa sababu ya swichi. Maalim Yusuf akasema ni yeye aliyeadhini. Muuguzi alitaka kuwatoa, akashindwa.

Mwishowe Adeer Gedi alimgeukia mwenyewe.

"Kioko, wewe ni mgeni wetu na mkono wako umebotea kwetu. Sema unataka nini. Tutatoa."

Kioko alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema hataki ngamia, hana pa kuwaweka Mwingi, watakula mahindi ya jirani.

"Nataka kitu kimoja," akasema. "Kabla hamjaswali, mtu mmoja aje aone fundi yuko wapi."

Walimwahidi. Nami, mtu niliyezoea ahadi, niliziweka hizo pamoja na zile za turubai. Kioko alipewa barua ya shukrani akaondoka kwenda kwao kufuga nyuki, kazi ambayo aliniambia ina usalama zaidi, kwa kuwa nyuki hukuonya.

Mwaka wangu wa mwisho nilitumwa tena kwenye kisima kile. Swichi ya kukata ilikuwepo, mpya, imefungwa kwa kufuli langu na ufunguo mfukoni mwangu. Nilikuwa peke yangu ndani ya kibanda, nakaza viungo. Baada ya muda nikahisi kimya cha ajabu. Kwa joto lile adhuhuri ilikuwa imeshaingia, na sikuwa nimesikia adhana. Nikasema moyoni, sawa, spika ya msikiti imekufa, na sasa wataniambia niitazame na hiyo. Nikatoka nimekasirika.

Maalim Yusuf alikuwa amesimama mlangoni, amezeeka, ameshika fimbo. Nyuma yake wanaume walikuwa wameshatawadha, wameketi safu kwa safu juani, hawaongei.

"Toa mkono, Bare," akasema.

Nikautoa. Akautazama.

"Na hiyo ingine."

Nikautoa na huo. Akatingisha kichwa, akageuka, akaadhini kwa sauti yake mwenyewe, na watu wakasimama.

Baada ya sala nilipanda juu kidogo palipo na mtandao nikampigia Kioko. Nilimweleza. Nilimwambia Dahir amenihakikishia kwamba wanafanya hivyo kila fundi akija, hawajaacha hata mara moja, hata kiangazi, hata ngamia wakiwa wamelala chini.

"Hata kama fundi si Mwislamu?" akauliza.

Nikamwambia aliyetangulia kuja kabla yangu alikuwa kijana wa Kisumu, anayevaa msalaba shingoni, na walimngoja juani mpaka akamaliza kufunga sanduku lote, kwa kuwa hakujua wanangoja nini na hakuna aliyetaka kumharakisha.

Nikamsikia Kioko analia, mzee mzima, huko Mwingi. Nilitafuta neno la kumchekesha, kama tulivyofanya miaka yote, na sikulipata. Nikashika simu, nikamwacha alie.